Damu katika mkojo si alama ya balehe



Wiki hii natulizungumzie jambo ambalo watoto hulificha kwa haya, na baadhi ya wazee hulidharau wakidhani ni alama ya balehe: kukojoa damu. Mara nyingi hiyo ni dalili ya kichocho, maradhi yasiyo mageni kwetu Kwale na Kilifi, penye mito na mabwawa.

Mnyoo wake uligunduliwa Kairo, nchini Misri, mwaka 1851 na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Miaka 60 baadaye, katika mji huohuo, profesa wa patholojia A. R. Ferguson alichapisha uchunguzi wa watu 40 waliokuwa na kichocho pamoja na saratani ya kibofu cha mkojo. Kazi ya mwanapatholojia ni kutazama vipande vya mwili kwa hadubini ili ajue maradhi yameanzia wapi. Ferguson aliona kwamba mayai ya mnyoo yanayokwama katika ukuta wa kibofu huuchokoza kwa miaka mingi, na uchokozi huo huweza kuzaa saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliutaja rasmi mnyoo huo kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Basi, mama, mwanao akikwambia ameona damu, usimkaripie. Na binti achotaye maji na kufua mtoni, usiharakishe kusema ni hedhi. Mpeleke zahanati apimwe mkojo. Dawa ipo, nayo ni vidonge vya prazikwanteli. Lakini akirudi kuoga bwawani, huambukizwa tena.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Katika kichocho twaiona hekima yake: mayai hutoka na mkojo, yakaanguliwa majini, vijidudu vikakulia ndani ya konokono, kisha vikapenya ngozi ya mtoto mwingine asiye na habari.

Na mtu mzima aonaye damu katika mkojo, hata bila ya maumivu, asingoje. Amwone daktari, hasa akiwa mvutaji wa sigara, kwani tumbaku nayo huleta saratani ya kibofu. Haya ni pambo la muumini, lakini tusiyafanye pazia la kufichia maradhi.

Wabillahi tawfiq.