Chupa Isiyouliza Swali

Afya ni mali ambayo thamani yake hujulikana siku inapopotea. Kwa kuwa kila mtu huipenda, kila mtu aweza kudanganywa kwa ajili yake. Hapa Voi, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi huachana na ile iendayo Mwatate na Taveta, na mahali mabasi yanaposimama ndipo wachuuzi wanaposimama. Huyu huuza maji, yule karanga, wa tatu machungwa. Mwingine huingia ndani ya gari, huwaamkia abiria kwa adabu, kisha huinua chupa. Pengine chupa hiyo ina unga wa majani ya mlonge, pengine unga wa mizizi, pengine tembe zilizochanganywa chuma, zinki, kalisiamu na magnesiamu. Mwenyewe husema kwamba huongeza damu, huondoa uchovu, hushusha shinikizo la damu, husafisha figo, hunoa akili za wanafunzi na kuwarudishia wazee nguvu zao. Kabla ya dereva kuwasha gari, noti za abiria zimekwisha ingia mfukoni mwake.

Sisemi kwamba vitamini na madini ni uongo. Mwili wa binadamu hauwezi kuishi bila ya vitu hivyo, na asiyevipata huugua, na akivikosa kabisa hufa. Nasema hivi: kirutubisho cha ziada humfaa mtu aliyepungukiwa, kwa kitu alichopungukiwa, na kwa kipimo kinachojulikana. Chupa isiyomwuliza mnunuzi amepungukiwa na nini haikutengenezwa ili imponye. Imetengenezwa ili inunuliwe.

Haki yataka tuanze na vile vinavyofaa. Tazama chumvi iliyomo jikoni kwenu. Mtu mzima huhitaji iodini kadiri ya mikrogramu 150 kwa siku, yaani kiasi kidogo hata ukikusanya ya maisha yake yote hakijazi kijiko cha chai. Lakini akikosa kiasi hicho kidogo, shingo huvimba rovu, na mtoto aliye tumboni mwa mama aliyepungukiwa sana aweza kuzaliwa na akili dhaifu. Udongo wa nchi za milimani aghalabu umeoshwa na mvua hata iodini yake ikapungua, na mazao yake hupungukiwa vile vile. Kwa sababu hiyo Kenya ilitunga sheria mwaka 1978 kwamba chumvi ya chakula itiwe iodini. Hakuna mchuuzi aliyepanda basini kuisifu, na haijawahi kumwahidi mtu kwamba itamnolea akili za kushinda mtihani. Imeingia katika sufuria za matajiri na maskini, bei yake ni ndogo, na imewakinga watoto wasiojua kwamba wamekingwa.

Tazama tena kliniki za akina mama. Mama mjamzito hupewa huko tembe ya chuma na asidi ya foliki, miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi hiyo kwa siku, kwa sababu anajenga damu ya watu wawili. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa vitamini A kila baada ya miezi sita. Mtoto anayeharisha hupewa zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa. Katika mambo hayo yote swali limeulizwa kabla ya tembe kutolewa: nani amepungukiwa, na nini, na kwa kadiri gani? Hivyo ndivyo virutubisho vinavyostahili heshima, na katika hospitali na zahanati za serikali mama hapewi kwa bei ya mchuuzi.

Sasa na tuzisikilize hoja za wanaotetea chupa, tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza husema: “Hiki ni kitu cha mmea, na cha mmea hakidhuru.” Maneno hayo yangemchekesha bibi yeyote wa Pwani. Bibi ajua kwamba muhogo mchungu ni mmea, na ajua pia kwamba asipoulowesha, akaukausha na kuupika ipasavyo, sumu iliyomo yaweza kuua jamii yote ya nyumba. Mmea haukuumbwa kwa ajili ya kumtumikia binadamu. Una mambo yake yenyewe, na baadhi ya mambo hayo ni kujilinda asiliwe. Na hata kilicho chema ndani ya mmea hubadilika kikikamuliwa na kutiwa ndani ya tembe. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walijaribiwa kwa miaka mitano hadi minane. Baadhi yao walipewa tembe za betakarotini, ile rangi iliyomo katika karoti, maembe na mboga za majani, kwa tumaini kwamba zitawakinga na saratani. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994 yalikuwa kinyume cha tumaini: waliomeza tembe walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiozimeza. Embe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kikifaa kidogo katika chakula, kitafaa zaidi kikiwa kingi katika tembe.

Hoja ya pili ni ushuhuda: “Jirani yangu aliitumia akapona.” Huenda alipona, lakini je, asingalipona bila ya chupa? Uchovu mwingi huondoka wenyewe, na mafua hayangoji dawa ili yaishe. Mwaka 1747 daktari wa Kiskoti aitwaye James Lind alikuwa melini na mabaharia waliougua kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu katika fizi. Aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa kitu chake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau, na kadhalika. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Tazama alivyofanya. Hakumsikiliza mmoja aliyejisifu. Aliwalinganisha waliopewa na wasiopewa. Mchuuzi wetu hutuletea mmoja aliyepona, lakini wale waliotumia wasipone hawaleti, na wale waliopona bila ya kutumia hawataji. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hoja ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu inafanana na kweli. Husema: “Watu wetu wamepungukiwa na damu, chuma huongeza damu, basi kila mtu na anywe chuma.” Ni kweli kwamba damu huhitaji chuma. Lakini kupungukiwa na damu ni dalili, na dalili moja yaweza kuwa na sababu nyingi. Kisiwani Pemba watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa katika jaribio, baadhi yao wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine wasipewe. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Mwezi wa Agosti mwaka 2003 ilibidi utoaji wa chuma usimamishwe kabla ya wakati wake, kwa maana waliopewa walikuwa wakifa au kulazwa hospitalini kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Lakini katika kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu na kuangaliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, wale waliopungukiwa na chuma kweli walinufaika. Dawa ilikuwa ile ile na kisiwa kile kile. Aliyepimwa akaonekana amepungukiwa, akatibiwa na malaria yake, alipata faida. Kuwapa wote bila ya kupima kulileta msiba.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kwa ajili ya ushahidi. Kati ya mwaka 1955 na 1959, Taveta yetu pamoja na nchi ya Pare iliyo ng’ambo ya mpaka zilifanyiwa kazi kubwa ya kunyunyiza dawa ya dieldrini katika kuta za nyumba ili kuwaua mbu wa malaria. Dawa hiyo siku hizi imepigwa marufuku kwa kuwa ni sumu ya kudumu, wala siitaji ili irudi. Naitaja kwa sababu ya somo lililopatikana. Wataalamu waliopima damu za wakazi waliona kwamba malaria ilipopungua, damu yao iliongezeka. Mwizi wa damu alikuwa mbu. Mtu wa Taveta ambaye angenunua chupa ya chuma kila mwezi na kulala bila ya chandarua angekuwa anajaza maji katika mtungi uliotoboka.

Mwizi mwingine wa damu lugha yetu imemjua zamani na kumpa jina: safura. Ni minyoo iingiayo mwilini kwa nyayo za mtu atembeaye peku penye udongo uliochafuliwa, ikaenda kunyonya damu katika matumbo. Wapo kina mama, hasa wajawazito, ambao wakipungukiwa na damu hutamani kula udongo, nao huuziwa vijiwe vya udongo sokoni kama kwamba ni madini ya kuwajenga. Hicho nacho ni kirutubisho cha uongo, kikongwe kuliko chupa zote. Udongo waweza kubeba mayai ya minyoo, na aina nyingine za udongo hukizuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Tamaa hiyo haifai kuchekwa. Ni ujumbe wa mwili, na jibu lake ni kupimwa damu na choo.

Hoja ya nne nainamia kichwa kabla ya kuijibu, maana ina uchungu wa kweli. Husema: “Mnatuambia tule mboga, nasi hatuna mvua. Na tukipata mvua, ndovu huja usiku akala tulichopanda.” Hapana mtu wa Sagalla au Kasigau atakayesema maneno haya ni uongo. Mbuga za Tsavo zimeshika zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii, na ndovu hajui mpaka. Lakini hoja hiyo, ikitazamwa vema, ni hoja ya kudai maji, ua imara na fidia. Si hoja ya kununua chupa. Mwenye shida ndiye asiyepaswa kupoteza shilingi. Akina mama wengine huuza kuku wawili, ambao mayai yao yangewalisha watoto mwaka mzima, ili wanunue unga wa majani. Na majani yenyewe wanayo! Mlonge huota katika joto na ukame. Mchicha, mnavu na mchunga havihitaji shamba kubwa. Na majani ya kunde, yakikaushwa vema, hungoja miezi ya kiangazi. Haya ndiyo yasagwayo, yatiwayo chupani, yabandikwayo karatasi ya rangi, kisha yarudishwe kwetu kwa bei isiyofanana na thamani yake.

Chakula cha Taita hakikuwa chakula cha watu wajinga. Kimanga, kilichopondwa kwa muhogo au viazi vitamu na maharagwe, humpa mlaji nguvu na kujenga mwili wake. Kikiandamana na mboga za majani, na tunda la Taveta baada yake, sahani hiyo imekusanya mengi ambayo chupa hujisifu kuwa nayo. Elimu ya siku hizi imeongeza mambo mawili tu ya kukumbukwa. La kwanza, chuma kilichomo katika mboga na maharagwe huingia mwilini vizuri zaidi kikiliwa pamoja na limau, chungwa au pera. La pili, chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia chuma hicho. Basi na ingoje saa moja au mbili. Maarifa hayo hayana bei, na kwa hiyo hayana mchuuzi.

Kijana msomaji, yamkini wewe ndiye pekee katika nyumba yenu uwezaye kuusoma mwandiko mdogo ulio nyuma ya chupa. Usome. Kisha, kwa heshima inayowastahili wazazi, waulize maswali matatu. Ni nani aliyepima akaona kwamba tumepungukiwa na kitu hiki? Humu mna kadiri gani, na mwili wahitaji kadiri gani? Pesa hii ingenunua nini sokoni? Bibi yako akiwa mchovu kila siku, mwambie akapimwe damu, sukari na shinikizo katika zahanati iliyo karibu, au katika Hospitali ya Moi hapa Voi. Na ikiwa daktari amempa tembe, mhimize azimeze zote kwa wakati wake, asiziache kwa ajili ya unga wa mtu mwingine. Maana wako walioacha dawa ya kweli mkononi wakafuata sifa ya chupa, na wengine wao hawakurudi kutusimulia.

Wachuuzi watasema kwamba tunawanyima riziki. Riziki ya halali haiogopi swali. Anayeuza machungwa pale stendi hukuacha ulishike chungwa, ulitazame, ulinuse, hata ulikatae. Na anayeuza chupa naye atuambie imo nini, yamfaa nani, na ni nani aliyeijaribu. Akiweza kujibu, tutamsikiliza. Asipoweza, na ashuke basini na chupa yake, sisi tuendelee na safari.