Waya Nyembamba Ndani ya Nyumba Zetu



Wiki hii tunatazama kitu kilichofichwa ukutani na darini: waya za umeme. Shaba hupitisha umeme vyema, lakini nayo ina ukinzani. Huuzuia mkondo kidogo, na nguvu inayopotea humo hugeuka joto. Urefu wa waya ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara mbili. Eneo la mkato wa shaba likizidi mara mbili, ukinzani hupungua nusu.

Tuchukue asubuhi ya Idi. Pasi ya wati 1,000 inayonyoosha kanzu huvuta ampea 4 hivi katika umeme wetu wa volti 240. Tukichomeka na jiko la wati 1,000 katika ekstensheni ile ile, mkondo huwa maradufu, lakini joto ndani ya waya huwa mara nne. Ikiwa waya ni nyembamba, hapo ndipo harufu ya plastiki huanza.

Sisi wa Voi yatupasa hadhari kuliko ndugu zetu wa Wundanyi, walio milimani kwenye baridi. Waya ipitayo chini ya mabati yetu mchana huanza kazi ikiwa tayari imepata moto, na kila nyuzi 10 za joto huongeza ukinzani wa shaba kwa takriban asilimia 4. Ikiwa imeviringwa au kufunikwa kwa zulia, haina pa kutolea joto lake.

Kwa kawaida taa huwekewa waya ya milimita mraba 1.5, na soketi 2.5. Fundi akija, hata baba akiwa safarini, mama na amuulize unene huo na leseni yake ya EPRA. Dukani tukwangue ncha ya waya: ikitokea nyeupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Nyumbani, plagi ikishikika moto, tuzime swichi, tuichomoe, tumwite fundi.

Mtume (s.a.w.) alitukataza kuacha moto ukiwaka tulalapo. Waya iliyoelemewa nayo ni moto, ila umejificha. Watoto waliolala chini ya dari hiyo ni amana. Tusiwawekee akiba ya shilingi chache mahali pa uhai wao.

Wabillahi tawfiq.