Mji Mdogo Hauna Pazia

Mke wa mwalimu ahamiapo kutoka Bujumbura kwenda mji wa bara, hugundua jambo moja kabla hajamaliza kufungua mizigo yake: majirani wamekwisha kujua idadi ya vitanda vyake. Wamevihesabu viliposhushwa garini. Ifikapo jioni wanajua mumewe anafundisha shule gani, watoto ni wangapi, na kwamba kiti kimoja kimevunjika mguu. Usiku huo mama huyo hulala na chuki moyoni. Lakini asubuhi yake, jirani wa kwanza kubisha hodi huja na kikapu cha maharage, na wa pili huja na fundi seremala. Jicho lililomkera jana ndilo lililomfaa leo.

Hilo ndilo fumbo la kuishi katika mji mdogo, na hakuna aliyepata kulifumbua kwa kuchukua nusu yake na kuikataa nusu ya pili. Katika Burundi, miji miwili yafaa kutazamwa kwa ajili ya fumbo hili, nayo ni Gitega na Muyinga, kwani katika miaka michache iliyopita mmoja umepandishwa cheo na mwingine umeshushwa.

Gitega ni mji wa heshima ya zamani. Wajerumani waliweka boma lao hapo mwaka 1912, na Makumbusho ya Taifa yalianzishwa hapo mwaka 1955. Kilomita chache nje ya mji, kwenye kilima cha Gishora, zinatunzwa ngoma za kifalme, na uchezaji wa ngoma hizo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Juu ya heshima hiyo yote, mji ulibaki mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 iliukuta na wakazi wapatao 42,000, hali Bujumbura ilikuwa inakaribia nusu milioni. Kisha, mwezi Desemba mwaka 2018, ikatangazwa kwamba Gitega utakuwa makao makuu ya siasa ya nchi, na mwezi Januari mwaka 2019 Bunge likaidhinisha. Bujumbura ukabaki mji mkuu wa biashara. Wapangaji wakaongezeka, viwanja vikatafutwa, na wenye nyumba wakajifunza haraka hesabu mpya ya kodi.

Muyinga, ulioko kaskazini mashariki, umepita njia nyingine. Kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya mkoa. Mwaka 2025, mikoa 18 ya nchi ilipounganishwa kuwa mitano, Muyinga uliingizwa katika mkoa wa Buhumuza, ambao makao yake makuu yako Cankuzo. Mji unaoondokewa na cheo huondokewa na vitu ambavyo havionekani katika ramani: mteja wa chakula cha mchana, mpangaji wa chumba cha uani, mkulima aliyekuja kugonga muhuri na kurudi na kilo moja ya sukari. Hata hivyo Muyinga una vyake. Malori yatokayo Dar es Salaam huingia nchini kwa mpaka wa Kobero, na Kiswahili hujaa sokoni pamoja na Kirundi. Tena avukaye Kobero kwenda Kabanga, upande wa Tanzania, hupoteza saa nzima kwa hatua chache, kwa kuwa saa ya Tanzania imetangulia ya Burundi. Arudipo hurudishiwa saa yake bila kudaiwa. Fauka ya hayo, mji una maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Ndani yake umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, ambamo watoto hupanda na kujinyoosha wakisoma. Ipo miji mikubwa isiyo na raha kama hiyo.

Hivyo cheo chaweza kuja na chaweza kuondoka. Kisichoondoka katika miji yote miwili ni kule kujuana, na anayetaka kukuona kujuana huko kwa macho na aingie dukani, alitazame daftari la madeni.

Mshahara wa mtumishi hufika mwisho wa mwezi, lakini chungu hutaka kuinjikwa kila siku. Basi kuanzia tarehe kumi na tano hivi, mama wa nyumbani huenda dukani mikono mitupu. Mwenye duka humsalimu, humwuliza hali ya watoto, kisha husema, “Chukua tu, Mama Mwalimu, nitaandika.” Huandikwa sabuni, chumvi, mafuta ya mawese na ndagala za Tanganyika. Hapana hati wala mdhamini. Mdhamini ni jina. Katika soko la mji mkubwa, ambamo muuzaji haujui uso wa mnunuzi, jina halinunui hata kiberiti.

Lakini daftari hilo ni kioo pia. Mwenye duka anajua wiki ambayo nyumba ya mwalimu haikununua sukari. Anajua nani amepokea fedha na amepita upande wa pili wa barabara akitazama mbele. Na mtoto akitumwa na kijikaratasi, hukisoma kwa sauti mbele ya wateja watano, kwa kuwa anajivunia kusoma.

Chukua mfano wa mama aliyeona haya deni lake lilipozidi. Badala ya kwenda dukani kwake, alimtuma mtoto duka la mwisho wa mji, akidhani huko hajulikani. Mtoto alirudi na unga, na salamu juu yake: mwenye duka lile ni shemeji wa mwenye duka la kwanza, naye anauliza kama kuna ugomvi. Mama yule alikasirika, akaapa kwamba mji huu si wa kukaa mtu.

Wiki ile ile mtoto wake mdogo alishikwa na homa usiku. Ilikuwa ni wakati wa uhaba wa petroli, mambo yaliyowasumbua sana wananchi katika mwaka 2024 na 2025, na pikipiki nyingi zilikuwa zimelala ukutani. Mume alitoka na tochi, akagonga mlango wa karibu, nao ulikuwa wa mwenye duka. Huyo hakuuliza habari ya daftari. Alijua ni kijana gani katika mtaa aliyebakiwa na lita moja, kama alivyojua kila kitu, akaenda kumwamsha. Mtoto alifika hospitali kabla ya alfajiri. Je, katika mji ambao hakuna ajuaye la mwenzake, nani angeijua lita ile?

Yapo mazito kuliko haya. Harusi na misiba ya mji mdogo humwita kila mtu, na kila mtu huonekana amekuja au hakuja. Posa ina mchango wake, na harusi vivyo hivyo. Msiba hauishi kaburini: iko siku ya kumaliza matanga, na baadaye iko sherehe ya kuondoa msiba, ambayo Warundi huiita kuganduka. Mtumishi mwenye kadi nne za mwaliko kwa mwezi mmoja hujiuliza kama mshahara ni wake au ni wa mtaa. Dawa yake si kujificha. Yafaa mume na mke wakae mwanzoni mwa mwezi, watenge fungu la michango, na likiisha waende kwa miguu yao kuteka maji na kupanga viti. Watu wa mji mdogo hukumbuka nani aliyeteka maji muda mrefu kuliko nani aliyetoa fedha.

Balaa kubwa zaidi ni neno. Binti akirudi shuleni akifuatana na mwanafunzi mwenzake wa kiume, habari hufika nyumbani kabla ya miguu yake, nayo njiani imenenepa. Mjane akicheka na fundi anayemwezekea paa, huozeshwa bila mahari. Wapo mabinti walioacha masomo, na wajane waliouza nyumba zao, si kwa kosa walilotenda bali kwa simulizi iliyotungwa kisimani. Katika mji mkubwa mtu hupakwa matope akahama mtaa, yakaisha. Katika mji mdogo matope hukauka juu yake.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa kila nyumba. Haiwezekani kumtaka jirani asione, kwa maana kuona huko ndiko kulikoleta seremala, ndiko kulikofungua daftari, ndiko kulikoijua lita ya petroli usiku wa manane. Linalowezekana ni kuchagua la kusema. Wazazi na wawafundishe watoto kwamba kilichoonekana kwa jirani hakichukuliwi kisimani. Mwenye duka na asome kijikaratasi kimya kimya. Na mdaiwa naye apite mbele ya duka, asalimie, aseme ukweli wake; wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya kulipa iko dawa ya kutuliza, nayo ni kutokwepa.

Mwalimu atahamishwa tena siku moja, na vitanda vitapakiwa garini mbele ya macho yale yale. Wakati huo mama mwenye nyumba hatahitaji kuuliza kwa nini watu wamesimama kumtazama. Atajua wamekuja kusaidia kubeba. Mji mdogo hauna pazia. Pazia lake ni ulimi wa jirani, na kila mmoja hana budi kumshonea mwenzake.