Busia na Tororo: Mpaka unaowapa mtihani wachunguzi wa habari potofu

Siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda wa tarehe 14 Januari 2021, kampuni ya Facebook iliziondoa akaunti na kurasa ilizozihusisha na GCIC, kituo cha mawasiliano na wananchi kilicho chini ya wizara ya habari na mawasiliano. Ilisema akaunti bandia zilitumika kujifanya watu wengine na kusambaza ujumbe ili uonekane una wafuasi wengi kuliko hali halisi.

Kitengo cha DFRLab cha taasisi ya Atlantic Council ya Marekani kilikuwa kimeuchunguza mtandao huo kwa kutumia taarifa zilizo wazi kwa kila mtu. Serikali ya Uganda ilijibu kwa kuifunga Facebook, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa.

Tangu hapo kazi ya wachunguzi imezidi kuwa ngumu. Mganda anayeingia Facebook kupitia VPN huweza kuonekana kama yuko Ulaya. Mpakani, mambo yanatatanisha zaidi. Busia ni jina la miji miwili, mmoja Uganda na mwingine Kenya. Malaba ya wilayani Tororo nayo ina pacha wake ng'ambo. Mfanyabiashara wa upande wa Uganda mwenye laini ya Kenya anaweza kunasa mawimbi ya Kenya bila kuvuka. Mtandaoni, huyo ni mtu wa Kenya.

Hatari iko hapo. Mchunguzi anayetegemea mahali pekee anaweza kumtangaza raia wa kawaida kuwa wakala wa kigeni, huku aliyelipwa kueneza uongo akiponyoka. Katika msimu wa uchaguzi, tuhuma kama hiyo inaweza kumfikisha mtu mahabusu.

Ushahidi wenye uzito hutokana na mambo kadhaa yanayokubaliana: maneno yaleyale kuchapishwa kwa wakati mmoja, picha zilizoibwa, akaunti zilizofunguliwa kwa mkupuo. Lakini lugha nayo ni muhimu. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, na uvumi husafiri kwa lugha zao katika makundi ya WhatsApp, ambako mchunguzi wa mbali hafiki.

Kwa hiyo, ramani ya akaunti inayochorwa ng'ambo ya bahari haitoshi. Inahitaji msomaji anayejua nani huvuka mpaka kila asubuhi, na kwa nini.