Ngogwe za Singida Zinamsubiri Nani?

Kila mwaka msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, sisi wa sayansi ya mimea tunacheza mchezo uleule. Unaunga bando, unapakua jeni za nyanya kutoka hifadhidata za nje, unachagua familia moja ya protini, unachora mti wa ukoo wake, unampelekea supavaiza. Anasaini, imeisha hiyo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Ila nikirudi nyumbani Iramba mwezi wa nane na kukuta ngogwe za bibi bado zinazaa kwa maji ya kuoshea vyombo, wakati mvua ilishakata tangu mwezi wa nne, najiuliza: hivi tunamsomea nani?

Kwa wenzetu wa Sheria na Biashara, ngoja nieleze kidogo. Nyanya, viazi mviringo, pilipili, bilinganya, mnavu na ngogwe, ambayo wengine mnaiita nyanya chungu, ni mimea ya ukoo mmoja. Kila mmoja una makumi ya maelfu ya jeni, na si zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Zipo protini ambazo kazi yake ni unyapara: zinashika DNA mahali fulani na kuamuru jeni hii iamke, ile inyamaze. Darasani tunaziita transkripsheni fakta. Zimegawanyika katika familia. Kuna MYB, ambazo baadhi husimamia rangi ya maua na matunda. Kuna WRKY, ambazo nyingi huamka mmea ukishambuliwa na magonjwa au ukibanwa na ukame. Nyapara mmoja akibadilika, mmea mzima unaweza kubadilika.

Mfano mzuri ni wa nyanya yenyewe. Nyanya nyingi za zamani zilikuwa na mabega ya kijani iliyokolea kabla ya kuiva. Wazalishaji wa mbegu hawakuyapenda, wakawa wanachagua zile zenye rangi moja kwa sababu ni rahisi kujua lini zimeiva. Wakafanya hivyo kwa miongo mingi. Mwaka 2012 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ukaonyesha walichokuwa wanakitupa: nyapara aitwaye GLK2, anayesimamia kloroplasti kwenye tunda bichi. Akiharibika, sukari kwenye tunda nayo inapungua. Watu walichagua sura, utamu ukaondoka kimyakimya.

Sasa turudi kwa ngogwe. Mwaka 2019 jenomu yake ilichapishwa katika jarida la GigaScience, ikiwa na jeni zipatazo 35,000. Watafiti walisoma pia sampuli 65 za ngogwe na za jamaa yake wa porini, wakaona dalili kwamba jeni zinazohusiana na kuvumilia ukame zimekuwa zikichaguliwa, katika ngogwe za matunda na hata katika zile za majani. Ndiyo, za majani: mmea huohuo ambao sisi tunachuma tunda, Waganda wanaula kama mboga ya majani na kuuita nakati. Spishi ni moja, lakini wakulima wa pande mbili wameitengeneza kwa namna mbili. Huo utofauti ndio mtaji.

Kuna anayesema: nyanya imesomwa sana, si tuchukue tu majibu yake tuyapeleke kwenye ngogwe? Haiendi hivyo. Mwaka 2025 timu ya kimataifa, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ilichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jenomu za mimea mingi ya ukoo huu. Waligundua kwamba jeni hujirudufu, na nakala hizo hutofautiana toka spishi moja hadi nyingine. Huku nakala imebaki, kule imepotea, na kwingine imebadilisha kazi. Jibu la nyanya linaweza kugoma kabisa kwenye ngogwe. Lazima ngogwe yenyewe isomwe.

Najua hoja nyingine: mbegu chotara zinazaa zaidi, na chuo hakina mashine za kusoma jenomu. Yote mawili yana ukweli. Mkulima akinunua chotara kwa ajili ya soko simlaumu. Lakini hata chotara hutengenezwa kutokana na wazazi, na wazazi hao hutoka kwenye utofauti uliotunzwa na mtu fulani mahali fulani. Na kuhusu mashine, jenomu tayari ipo na ni bure. Kinachokosekana ni kile ambacho hakuna maabara ya nje inayoweza kukipakua: mbegu ya Mkalama, ya Ikungi, ya Manyoni, pamoja na maelezo ya mama aliyeitunza kuhusu inavyostahimili jua, ladha yake, na ilikotoka.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa idara zetu ni dogo. Utafiti wa mwaka wa mwisho uruhusiwe kuanzia na mbegu ya nyumbani. Mwanafunzi aikusanye, aandike jina la kienyeji, kijiji na jina la mwenye mbegu kwa ridhaa yake. Aipande kwenye shamba la chuo, mstari mmoja ukimwagiwa maji na mwingine ukinyimwa. Nyingine zipelekwe Arusha, ambako kuna benki ya taifa ya nasaba za mimea chini ya TPHPA na ile ya World Vegetable Center. Baada ya miaka mitano tutakuwa na kitu cha kulinganisha na jenomu. Tusipofanya, bibi akiondoka anaondoka na chupa yake ya mbegu, na hiyo hairudi kwa bando.

Likizo ndefu inakuja. Ukifika Singida, kabla hujaulizia kuku, omba mbegu.