MASWALI YENU: PESA KWENYE SIMU

Mwezi huu tunajibu maswali ya benki isiyo na jengo, kama Lumicash ya Lumitel. Mtoto yuko Gitega anatuma, mama yuko hapa Muyinga anapokea kwa wakala, bila mtu kupanda gari.

Simu ikipotea, pesa nazo zimeenda?
Hapana. Pesa hazikai ndani ya simu, ziko kwenye akaunti. Wahi kuomba laini ifungwe, upewe nyingine ya namba ileile. Lakini kama laini iliandikishwa kwa jina la jirani, ni yeye atakayepewa!

Nikikosea namba je?
Piga simu kwa kampuni hapo hapo, na ujumbe usiufute. Mwenzio akishazitoa, kuzirudisha ni kazi.

Mbona nimepata pungufu?
Kutoa pesa kuna ada. Mwambie anayetuma aongeze faranga za kutolea.

Sijui kusoma. Wakala anibonyezee namba ya siri?
Hapo tunasema hapana kabisa, hata kama ni mtu mwema. Akiijua, kesho anaweza kuzitoa, na hesabu itaonyesha umetoa wewe mwenyewe. Utamshtaki nani?

Mama zetu, tarakimu ni kumi tu. Jioni mtoto akufundishe zote, mziandike chini kwa kijiti. Ila usimwambie zipi ni zako.