Vitunguu vya Majengo, Bunduki za Kongwa

Waulize wafanyabiashara wa Soko la Majengo Wahindi wanaabudu nini. Wa kwanza atasema ng'ombe, wa pili masanamu, wa tatu atakumbuka kwamba wapo Wahindi Waislamu, na hapo mjadala utavurugika hadi mteja atakapofika kuuliza bei. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi wakaifuata, na tangu hapo bibi na babu zetu wamenunua kwao kanga, sukari na mafuta ya taa. Duka hili la Banyani, linalofuata la Ismailia, la tatu la Bohora, karakana ya mkabala ya Kalasinga. Tulijua nani anakopesha na nani hakopeshi. Wanachoamini hatukukijua.

Lawama si yetu peke yetu. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876 wakitutafuta, na masheikh wa tariqa nao walitukaribisha kwenye dhikiri. Banyani hakutuhitaji. Kwa Wahindu wengi dini ni ya kuzaliwa, haina mahubiri ya sokoni wala daftari la waongofu, kwa hiyo mafundisho yalibaki nyuma ya pazia, kwa Kigujarati. Kisha ukaja utaifishaji wa majumba wa mwaka 1971, familia nyingi zikafunga virago, na waliobaki wakazidi kujikunyata.

Toleo hili ni la dini na falsafa za Asia ya Kusini na ya Mashariki, na lina msimamo: tusizisome kama mila za watu fulani, wala kama dawa ya utulivu. Tuzisome kama ubishi. Watu wenye akili wamebishana humo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na moja ya hoja zao kubwa mkoa huu umeionja: je, upo wakati ambapo kuua ni halali?

Tuanze na vitunguu. Mjaini anayeishika dini yake akiingia Soko la Majengo atapita meza baada ya meza bila kugusa kitu: vitunguu maji, vitunguu saumu, viazi, karoti. Kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima, pamoja na viumbe visivyoonekana vilivyomo udongoni. Ahimsa, kutodhuru kiumbe chochote, ndiyo wajibu wa kwanza wa Mjaini, na inafika hadi jikoni. Wengi wao hawali baada ya jua kuzama, wasije wakameza mdudu gizani. Sisi tunaokula mlenda kila siku ya Mungu tusiwe wepesi wa kucheka sufuria za watu.

Maana kanuni hiyo ya jikoni ilivuka bahari. Gandhi, Mhindu wa Gujarat, alikiri kwamba miongoni mwa waliomjenga kiroho alikuwa Mjaini mmoja, Shrimad Rajchandra, mshairi na mfanyabiashara wa vito. Gandhi akaugeuza wajibu huo wa kutodhuru kuwa siasa ya umma. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana asiyejulikana, alipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar akielekea Afrika Kusini. Miongo kadhaa baadaye TANU ilidai uhuru bila risasi, ikaupata 9 Desemba 1961, na India ilipotoa Tuzo ya Amani ya Gandhi kwa mara ya kwanza, mwaka 1995, aliyepewa ni Mwalimu Nyerere.

Hapo ndipo hadithi hii hukatwa, ikiwa bado tamu. Sitaki ikatwe, kwa sababu ukishika barabara ya Morogoro kutoka hapa utaikuta njia ya kwenda Kongwa. Kule ambako Waingereza walishindwa kulima karanga, katikati ya miaka ya 1960 Tanzania iliwapa kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO, wajiandae kwa bunduki. Aliyewapa ardhi ni Nyerere huyohuyo. Je, alijikana? Sidhani. Mlango wa mazungumzo uliokuwa wazi Dar es Salaam ulikuwa umepigwa kufuli Pretoria na Lourenço Marques.

Bhagavad Gita, kitabu cha Wahindu, inaanzia kwenye swali hilohilo la kuua. Arjuna amesimama kwenye uwanja wa vita, anaona upande wa pili ndugu, walimu na rafiki zake, na mikono inamlegea. Krishna, anayemwendeshea gari la vita, anamwambia ainuke apigane, atimize wajibu wake bila kung'ang'ania matunda yake. Gandhi alikipenda mno kitabu hicho, akasisitiza kwamba vita vile vinapiganwa ndani ya moyo wa mtu. Tilak, aliyeandika ufafanuzi wake akiwa mfungwa wa Waingereza huko Mandalay, alikiona kuwa wito wa kutenda, hapa hapa duniani. Kitabu kimoja, wapigania uhuru wawili, majibu mawili. Nadhani Kongwa wangemwelewa Tilak haraka zaidi.

Makalasinga wana jibu la tatu. Guru Nanak (1469–1539) alifundisha kumkumbuka Mungu mmoja, kula cha jasho halali na kugawana. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, wa kumi katika mfululizo huo, aliasisi udugu wa Khalsa, na wanaoingia humo hubeba kirpani, upanga wa kumlinda mnyonge. Upanga na sufuria vinakaa nyumba moja: katika hekalu lao la Makindu, Kenya, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, msafiri yeyote huvua viatu, hufunika kichwa na kula bure. Kuketi sakafuni pamoja kulikuwa pigo kwa mfumo wa tabaka, uliomkataza mtu kula na aliyezaliwa chini yake. Hilo la tabaka tusilifiche. Bara lililofundisha huruma kwa mdudu liliishi karne nyingi na watu wasioruhusiwa kuchota maji kisimani pamoja na wenzao. B. R. Ambedkar, mmoja wa watu hao na mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India, aliuacha Uhindu mwaka 1956 akawa Mbudha, na maelfu kwa maelfu wakamfuata. Kuhusu Buddha mwenyewe, na fundisho lake kwamba mateso yana chanzo, nacho ni tamaa, tuna makala ndefu inayoanzia kwenye hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lililoasisiwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka.

Yoga ya hoteli za ufukweni hutaikuta humu. Laozi, mwanafalsafa wa China aliyesifu maneno machache, tumempa kurasa mbili tu, na pengine angeona hata hizo ni nyingi.

Confucius ndiye aliyetusumbua. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2013. Kazi yake kubwa ni kufundisha Kichina, na vijana wanakwenda wakiwaza ajira, jambo lisilo na ubaya. Mwenye jina (551–479 KK) hutajwa kama mtetezi wa heshima kwa wakubwa, na sisi tuliokuzwa na shikamoo tunamkubali upesi mno. Mkataba wake ulikuwa na pande mbili: mtoto awe mtoto, na baba naye awe baba hasa, mtawala asiye na utu hastahili jina hilo. Mencius, aliyekuja baadaye, alikwenda mbali zaidi: mfalme dhalimu akiuawa, hajauawa mfalme, ameuawa mhalifu. Kwa kuwa tunachapishwa katika mji wenye Bunge na Ikulu, makala ya Mencius tumeiweka katikati kabisa, pale kwenye pini, ambapo jarida likiangushwa mezani hufunguka lenyewe.